Sahani ya kunde kwa mgeni wa heshima

Agosti 2017 Serikali ya India iliweka kikomo: mbaazi zinazoingia nchini humo kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Wakulima wake walikuwa wamevuna sana, bei imeporomoka, na serikali ikaona iwakinge. Huku kwetu Tanzania habari ilifika wakati mbaazi za Lindi, Mtwara na Manyara ziko shambani na kwenye magunia. Karibu mzigo wetu wote ulikuwa ukielekea India. Msumbiji walishatiliana saini na India mwaka uliotangulia, wakatengewa mgao wao. Sisi hatukuwa na makubaliano ya namna hiyo. Bei ikaanguka hadi wapo wakulima walioona heri mbaazi zikaukie shambani kuliko kulipa vibarua wa kuzivuna.

Nililifuatilia jambo lile kwa uchungu. Mbaazi ni chakula. Hazikuwa zimeoza, hazikuwa na sumu, na nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 ilikuwa imezilima kwa mikono yake. Iweje basi, siku mlaji wa Mumbai alipokunja mkono, sisi tusizile? Mwambao walijua la kufanya nazo tangu zamani: Mombasa na Lamu, mbaazi za nazi kwa mahamri ni staftahi ya watu wenye nazo na wasio nazo. Lakini ukiacha Pwani, sehemu kubwa ya Tanzania ilikuwa imezizoea mbaazi kama zao la kuuza. Chakula chenye hadhi, tulishakubaliana, ni nyama.

Hapo ndipo penye neno langu leo. Mimi nimeacha kula nyama. Kuku nimeacha, na samaki pia. Mayai na maziwa natumia. Nimeacha nikiwa na uwezo wa kuinunua, na naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu makala hii haimwelekei mama wa Kibondo au Iramba ambaye nyama anaiona sikukuu hadi sikukuu. Naongea na sisi wa mijini, tulio na mshahara au biashara, ambao supu ya asubuhi, kuku wa mchana na mishkaki ya jioni vimekuwa mazoea, na ambao tukimwona mtu mzima anakula kunde tunamhurumia.

Huruma hiyo naijua vizuri. Shangazi yangu, mtu ninayemheshimu sana, alisikia habari zangu kwa ndugu akanipigia simu jioni. "Mwanangu, mambo ni magumu? Mbona hukusema?" Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Hapana, niko vizuri, nimeamua tu kuacha." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kesho yake atanitumia hela ya kitoweo. Na alituma. Wengine waliuliza kama daktari amenikataza, au kama nimehamia kwa Wasabato. Katika fikra za ndugu zangu hao wema, mtu hukaa bila nyama kwa umaskini, kwa ugonjwa au kwa dini. Kukaa bila nyama kwa kupenda hakukuwa na mahali pa kuwekwa.

Siwalaumu, maana nyama kwetu imebeba mambo makubwa kuliko lishe. Mgeni akibisha hodi, jogoo anakimbizwa uani, na sahani ikifika firigisi anapewa mkubwa au mgeni mwenyewe. Akipewa mtoto, lipo la kuulizwa. Aliyewakosea wazee anatozwa mbuzi, na mbuzi yule akishaliwa, kesi imekwisha. Desemba magari yanapanda Moshi na Rombo, na kwenye migomba ya ukoo mbuzi anagawanywa kwa mpangilio unaojulikana, kila kiungo na mwenyewe, kiasi kwamba mtoto anajifunza nani ni nani katika ukoo kwa kutazama nyama inakwenda kwa nani. Kwenye harusi za mjini ndafu anaingia ukumbini mzima mzima, amekaushwa akang'aa, amewekewa majani mdomoni, nyuma yake wapishi wanacheza, na maharusi wanakata kipande kuwapelekea wakwe. Hakuna atakayeniambia kwamba lile ni tendo la ulafi. Ni namna ya kusema mbele za watu: ninyi sasa ni wetu.

Kwa hiyo, ingawa tumbo langu lilizoea haraka, kilichonipa kazi ni wema wa watu. Chukua mama lishe ninayekula kwake mchana. Sufuria zake zimepangwa kwenye benchi: wali, ugali uliofunikwa kwa nailoni, maharage, nyama ya mchuzi, samaki wa kukaanga, matembele. Ukimwagiza wali maharage, akishapakua, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye sufuria ya nyama, anachota mchuzi anamwagia juu, bila kutoza hata shilingi. Kwake huko ni kukupendelea. Ameona huna hela ya kipande, basi angalau upate harufu. Kumzuia mkono mtu anayekutendea wema, mbele ya wateja wengine, si jambo jepesi. Nilimweleza taratibu siku ambayo wateja walikuwa wachache, na tangu hapo ananitengea matembele yangu kabla hajayachanganya na dagaa. Hajawahi kuniuliza sababu. Alichotaka kujua ni kama ninashiba.

Chuki yetu na maharage nayo ina chanzo chake. Watu wengi wa rika langu na la wazazi wangu walisoma bweni. Jumatatu hadi Ijumaa ni ugali na maharage, yamechemshwa kwa maji na chumvi kwenye pipa, bila kitunguu, bila mafuta, wadudu wanaelea juu. Nyama inasubiriwa mwisho wa wiki, kipande kimoja kwa kila mtu. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanasimulia hayo hayo. Mtu aliyekula hivyo miaka sita, tena kwa foleni na kwa filimbi, akipata mshahara wa kwanza anaapa kutoyagusa tena maharage maishani. Alichokichukia hasa ni kule kulazimishwa, na ni mapishi ya mtu asiyemjali anayempikia. Maharage yamebebeshwa kosa la jikoni la shule.

Maana yapikwe na anayejua. Maharage ya njano yanalowekwa usiku, maji yale yanamwagwa, yanachemshwa kwa maji mapya hadi yalainike kabisa, ganda lisisikike ulimini. Kitunguu kinakaangwa taratibu mpaka kiwe rangi ya dhahabu, nyanya zinaiva hadi mafuta yajitenge, ndipo maharage yanaingia pamoja na supu yake, yanapondwa kidogo kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Tui jepesi linatangulia, linachemka pamoja nayo. Tui zito linakuja mwisho, moto ukiwa mdogo, na huliachi bila kulikoroga lisije likakatika. Kazi hiyo ni ya saa tatu. Anayeniambia kwamba huyu mpishi hakumheshimu mgeni wake, na kwamba aliyemheshimu ni yule aliyetupa vipande vya kuku kwenye mafuta kwa dakika ishirini, simwelewi.

Kwetu ni Upareni, milimani, Wilaya ya Same, na makande ndiyo yaliyotulea. Bibi alikuwa anatwanga mahindi kwenye kinu akiyanyunyizia maji hadi maganda yatoke, anapepeta, kisha anayatia chunguni na maharage na kuyaacha mekoni nusu siku. Leo wataalamu wa lishe wanaeleza kwamba protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha, hivyo vikiliwa pamoja vinakamilishana. Wakikuyu wana githeri kwa hesabu hiyo hiyo. Bibi hakuijua lisini, lakini alijua kwamba mtu aliyekula makande asubuhi analima mpaka jua lizame.

Milima hiyo hiyo ndiko Wamisionari Waadventista Wasabato walikoanzia kazi yao Tanzania mwaka 1903. Kanisa lao, lililoundwa rasmi Marekani mwaka 1863, limefundisha kuhusu afya na chakula karibu tangu mwanzo, na ingawa waumini wengi wanakula nyama zinazoruhusiwa kwao, wapo wanaoiacha kabisa. Nimekua nikiona nyumba za namna hiyo. Walikuwa watu wenye mashamba na ng'ombe wa maziwa, watoto wao wamesoma, na hakuna jirani aliyewaita maskini. Basi yawezekana. Jamii inaweza kumtazama mtu asiyekula nyama ikamwona mtu kamili.

Mifano mingine tunapishana nayo kila siku barabarani. Mombasa, Barabara ya Langoni, kuna hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe, na waumini wake wenye kushika sana hawali hata viazi na vitunguu, kwa sababu kuving'oa ni kuua mmea na viumbe vilivyomo udongoni. Wahindu wa Kigujarati wameishi Unguja, Dar es Salaam na Kampala vizazi na vizazi, wengi wao bila kuonja nyama, na kutoka kwao tumepata bajia, kachori na dengu za namna zote. Hatukuona aibu kuvifanya vyetu. Urojo wa Unguja, ukiuacha bila mishkaki, umesimama juu ya mapishi yao.

Ila mfano unaonigusa kuliko yote ni Ethiopia. Nchi hiyo inaongoza Afrika kwa wingi wa ng'ombe. Wakati huohuo, Wakristo wake wa Kiorthodoksi wana siku za mfungo zinazozidi 180 kwa mwaka, ambazo muumini hagusi nyama, maziwa wala mayai. Jumatano na Ijumaa zimo, Kwaresima imo, na mifungo mingine kadha wa kadha. Katika karne nyingi za kufunga namna hiyo, wamejenga upishi mzima wa dengu, njegere, shiro, kabichi na majani, ambao unawekwa juu ya injera katika sinia moja kubwa, kila rangi mahali pake. Ingia mgahawa wowote wa Kihabeshi Nairobi, uagize sinia ya mfungo, uone inavyoletwa. Hakuna anayeomba radhi kwamba leo hakuna nyama. Mgeni anaweza kulishwa kwa tonge la mkono wa mwenyeji kutoka sinia hiyo, na hiyo ni heshima kubwa kwao. Wao hawakuacha ufugaji, hawakuacha kuchinja kwenye Pasaka. Walichofanya ni kuupa mlo usio na nyama hadhi yake, na leo dunia nzima inausifia.

Msomaji Mwislamu ataniuliza kama si kukataa neema iliyohalalishwa. Kuharamisha alichohalalisha Mungu ni jambo zito, na mimi siharamishi. Mtu kuacha kula kitu cha halali bila kukiita haramu ni suala jingine. Katika Muwatta ya Imam Malik imo riwaya ya Sayyidna Umar akiwaonya watu na mazoea ya nyama, kwamba yanaweza kumshika mtu kama ulevi unavyomshika. Na miaka elfu moja iliyopita, huko Maarra nchini Syria, mshairi kipofu Abul-Ala al-Maarri alikaa zaidi ya nusu ya umri wake bila nyama, na maziwa, mayai na asali pia alijizuilia, kwa kuwaonea huruma viumbe. Wapo waliobishana naye vikali, na mashairi yake yanasomwa hadi leo. Kwa Wakristo nitakumbusha tu kijana Danieli, aliyeikataa meza ya mfalme wa Babeli na kuomba mboga na maji kwa siku kumi.

Sababu zangu mwenyewe si za dini. Ya kwanza ni wanyama wenyewe. Asubuhi moja nilisimama kwenye mnada wa mifugo pembezoni mwa jiji, malori yanashusha. Ng'ombe wale wanatoka Kanda ya Ziwa na mikoa ya kati, wamesafiri wamesimama, wamebanana pembe kwa pembe, kwenye jua, maji hawajaonja. Katika lori moja alikuwepo aliyeanguka njiani, wenzake wamemkanyaga. Kijana mmoja akapanda, akaukunja mkia wake na kuuvunja ili ainuke kwa maumivu. Hakuinuka. Akashushwa kwa kamba ya miguu, akadondoka toka juu ya lori hadi chini, macho yake yako wazi, anahema. Watu walikuwa wanapita wakibishana bei. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na usafirishaji wa mifugo umo ndani yake. Dini zetu zote mbili kubwa zinakataza kumtesa mnyama. Uislamu unaagiza hata kisu kisinolewe mbele ya anayechinjwa. Sheria ya nchi ipo na ya Mungu ipo, na ng'ombe yule alikuwa amelala pale chini ya magurudumu. Kila kilo ya nyama ninayonunua ni kumlipa mtu aendelee hivyo hivyo. Sikutaka tena kulipa.

Kuku naye amebadilika tangu enzi za jogoo wa uani. Kuku wa kisasa wa nyama anauzwa akiwa na wiki tano au sita, ameishi muda wote huo kwenye banda bila kuona jua. Na mabandani antibiotiki zinatiwa kwenye maji hata kuku wakiwa wazima, kwa hofu ya hasara. Novemba 2017 Shirika la Afya Duniani liliwataka wafugaji waache kuwapa wanyama wasioumwa dawa hizo kwa ajili ya kuwakuza au kukinga magonjwa, kwa sababu vijidudu vinajifunza kuzishinda, kisha vinatufuata sisi wodini. Kwa nchi ambayo dawa za akiba ni chache na ghali, onyo hilo lilipaswa kutukosesha usingizi.

Halafu kuna mwili. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa nchini mwaka 2012 ulikuta takribani robo ya Watanzania wazima wana shinikizo la juu la damu, na watu zaidi ya tisa katika kila kumi hawali matunda na mboga za kutosha. Oktoba 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyopo Lyon, iliziweka nyama za kusindikwa, yaani soseji na wenzake, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku, walisema, zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Gramu 50 ni soseji moja. Tazama tunachowafungia watoto kwenye vyombo vyao vya shule.

Hata hivyo sitaki kumuuzia mtu miujiza. Wasabato wa Amerika Kaskazini zaidi ya 70,000 walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha kwamba wasiokula nyama walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12 kuliko wanaokula. Waingereza wapatao 48,000 nao walifuatiliwa miaka 18, na taarifa ya 2019 ikasema wasiokula nyama walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 22, lakini kiharusi kikawa juu kwao kwa asilimia 20. Anayetaja tarakimu ya kwanza aitaje na ya pili. Na anayeacha nyama kisha akashindia chipsi, soda na mkate mweupe hajaacha kitu.

Jongo nalo linastahili neno, kwa jinsi lilivyoenea mijini. Mgonjwa akitoka hospitali utamsikia amekatazwa nyama nyekundu, pombe, maharage na kunde kwa pamoja. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwafuatilia wanaume miaka 12 ukaona nyama na samaki wanaongeza hatari ya jongo, ila mboga na kunde zenye purini nyingi hazikuiongeza. Mgonjwa azungumze na daktari wake, lakini asiyaogope maharage kwa mazoea tu.

Sasa upande wa pili, ambao nauona ni mzito. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wetu wenye umri chini ya miaka mitano, na asilimia 45 ya wanawake wenye miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo katika chanzo chake, na chakula kimo. Mtoto wa namna hiyo akipata yai, kikombe cha maziwa, dagaa au kipande cha ini, apewe, na mtu asitumie makala yangu kumnyima. Mjamzito na anayenyonyesha, kabla ya kuacha chochote, wazungumze kliniki. Mmaasai wa Longido au Mbarbaig wa Hanang', anayeishi kwenye nyasi ambazo binadamu hawezi kuzila na mahindi hayastawi, ng'ombe wake anafanya kazi ambayo hakuna mmea utakaoifanya pale. Shirika la Chakula na Kilimo lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zitokanazo na shughuli za binadamu. Ila kumsomea takwimu hiyo mchungaji wa Longido, ambaye hana gari na hajapanda ndege, ni kumwonea.

Na mwenye kuacha aache kwa akili. Vitamini B12 haipo kwenye mimea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Maziwa na mayai yanasaidia, na anayeacha hata hivyo viwili ameze vidonge, la sivyo baada ya muda ataanza ganzi miguuni na damu itapungua. Madini ya chuma ya kwenye maharage na majani yanaingia mwilini kwa shida, lakini ukikamulia limau, au ukila chungwa au embe pamoja na mlo, yanaingia vizuri zaidi. Chai inafanya kinyume. Desturi yetu ya kushushia chakula kwa chai ya rangi inatunyima chuma tulichokwisha kukinunua na kukipika. Chai ingoje saa moja. Mchicha usichemshwe mpaka uwe mweusi na maji yake kumwagwa uani, kwa maana kilichomwagwa ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Tukizungumzia majani, nimtaje Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Kenya. Utotoni mwili wake ulikuwa unaikataa nyama, samaki, mayai na maziwa, kwa hiyo alilelewa kwa mboga za asili za nyumbani. Alipofika chuoni kusomea kilimo, akakuta mboga zile zile zilizomkuza, mnavu, mgagani, kunde, mlenda, zinahesabiwa magugu. Akaamua kuzifanyia kazi maisha yake yote: mbegu zake, lishe yake, namna ya kuzilima na kuzipika. Leo zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi, na Desemba 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora. Kwetu pia, Tengeru nje ya Arusha, Kituo cha Mboga cha Dunia kimekuwa kikikusanya na kuboresha mbegu za mboga za Kiafrika tangu 1992. Maarifa tunayo, wakulima tunao. Sokoni bei ya kilo moja ya nyama inanunua kilo mbili na zaidi za maharage. Kilichobaki ni hadhi, na hadhi haitoki Tengeru, inatoka kwetu tunaopika na kukaribisha.

Kwa sababu hiyo ombi langu nalipeleka kwa kamati za harusi, kwa kuwa huko ndiko heshima inakopangiwa bajeti. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Ukumbi unajadiliwa, mapambo yanajadiliwa, vinywaji vinajadiliwa hadi usiku wa manane, ndafu wanaongezwa kutoka mmoja hadi wawili, na mboga zinaandikwa mstari mmoja wa mwisho pamoja na vijiti vya meno. Siombi ndafu aondolewe. Naomba kilo kumi za kunde, nazi za kutosha, na mpishi anayejua kukoroga tui, aonjwe siku ya majaribio kama anavyoonjwa mpika pilau. Wasiokula nyama watakuwepo tu ukumbini, pamoja na wenye jongo, wenye presha, Wahindu waliofanya kazi na baba wa bwana harusi, na mabibi wasio na meno. Sinia la kunde lisiwekwe mwisho wa meza baada ya kachumbari. Liwekwe mwanzo, pembeni mwa pilau, na MC alitaje kwa jina anapowakaribisha wakwe.